Siku za Kuketi Kando

Nakuru, 1972

Jumanne, 1 Agosti

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu moja tu: katika nyumba hii hakuna mwingine mwenye subira ya kukisoma. Ba, mama mkwe wangu, anasoma Kigujarati, tena bila miwani akitaka kujua jambo. Mume wangu anasoma Kigujarati na Kiingereza. Kiswahili anakitumia dukani, lete hii, peleka ile, lakini ukimwandikia barua anachoka mstari wa pili. Mimi nilizaliwa Bondeni nyuma ya cherehani ya baba yangu, na hii ndiyo lugha niliyogombania mpira kwayo na watoto wa jirani. Wacha initunzie siri.

Leo naketi kando. Kwetu, mwanamke akiwa katika siku zake haingii jikoni, hagusi mtungi wa maji wala taa ya sala. Ana kiti chake veranda ya nyuma, siku tatu, chakula anawekewa kwenye ngazi. Siku ya nne anaosha nywele na kurudi kazini. Kwa hiyo hakuna siri ya mwezi. Nikionekana tu kwenye kile kiti, Ba anasimama mlangoni, ananitazama kuanzia miguuni, halafu anasema, "Tena."

Miaka saba ya ndoa, na neno ni lile lile. Ba hajui kwamba minne ya mwisho kati ya hiyo saba nimekuwa nikimeza vidonge vya kuzuia mimba. Anayeniletea vidonge ni mwanawe mwenyewe, anavificha dukani ndani ya boksi la valvu za baiskeli. Mahesh.

Tazama, nimeandika jina lake. Mdomoni mwangu halijawahi kupita, kwetu mke hamtaji mumewe. Namwita "Unasikia?" Siku nyingine anasikia.

Jumamosi, 5 Agosti

Nimeanza pakiti mpya, vidonge ishirini na kimoja. Redio imesema Wahindi wenye pasi za Uingereza watafukuzwa Uganda ndani ya siku tisini. Ba amezima jiko ili asikie vizuri. Mahesh hakumaliza chai.

Jumapili, 6 Agosti

Ameongea usiku mzima kuhusu vocha. Niandike mara moja tu, kwa sababu nimeshachoka kuisikia: sisi pia tuna pasi za Uingereza, na bila vocha, yaani kibali cha kuingia Uingereza, pasi hiyo haikufikishi popote. Mahesh aliomba mwaka wa sitini na nane. Faili yetu ina majina matatu, lake, langu na la Ba. Tangu hapo tuko kwenye foleni.

Aliniambia siku ile ile alipoituma: "Tusizae kwanza. Ukiongeza jina, faili inarudi mwisho wa foleni." Nani alimwambia hivyo, sijui. Nadhani ni mtu mmoja kwenye duka la dawa kule Nairobi. Akaniahidi kwamba siku vocha ikifika, siku hiyo hiyo nitaacha vidonge. Nilikuwa na miaka ishirini na nne na nilidhani tunazungumzia miezi sita.

Alhamisi, 10 Agosti

Mvua ya mawe. Bati la jikoni linavuja mahali pale pale.

Jumatatu, 14 Agosti

Leo nimedanganya. Nilimwambia Ba nakwenda kununua uzi, nikapitia kliniki ya akina mama. Nilikuwa Mhindi peke yangu kwenye benchi na kila mtu alinitazama kana kwamba nimepotea njia. Muuguzi anaitwa Sista Jelagat, mwanamke mpana, mwenye sauti ya kusikika hadi barabarani. Nilipomuuliza kwa kunong'ona, alijibu kwa ile sauti yake.

"Unataka kuacha dawa ndio ushike mimba? Sasa hiyo ni aibu gani, mama? Keti."

Nikamuuliza niache lini. Hilo ndilo swali lililonitoa nyumbani. Miaka minne nimekuwa nikisikia "siku vocha ikifika", kama vile tumbo ni mlango wa duka, unafungua kufuli na mteja anaingia.

"Maliza hiyo pakiti uko nayo," akasema. "Usikate katikati. Utaona damu, lakini hiyo ni ya dawa, usihesabu. Halafu ungoje zako mwenyewe. Uone moja, mbili, tatu. Zikishakuja tatu, jaribuni."

"Zitakuja lini?"

"Wewe! Mimi ni Mungu? Kuna mwenye anaona mwezi ujao. Kuna mwenye anakaa mbili, tatu hajaona kitu, na hana mimba. Mwili ulikuwa umelazwa, uache uamke polepole. Na kuna mwenye anashika hapo hapo. Ndio maana hiyo miezi ya kungoja bwana atumie hii." Akanisukumia bahasha ya kaki. "Bwana anajua umekuja?"

Nikasema anajua. Akanitazama sana.

Kwa hiyo hata vocha ikifika kesho, bado kuna miezi ya kungoja, na baada ya hapo kungoja kwingine. Nina miaka ishirini na minane. Nimerudi nyumbani bila uzi.

Jumanne, 15 Agosti

Ba ameuliza uzi uko wapi.

Ijumaa, 25 Agosti

Kidonge cha mwisho. Nilikishika kiganjani mpaka kikaanza kuyeyuka. Nilitaka kumwambia Mahesh. Niliingia chumbani nikasema, "Unasikia?" Alikuwa amepiga magoti sakafuni, amezungukwa na karatasi za faili, anazipanga tena ingawa zilikuwa zimepangwa jana. Bila kuinua macho akasema, "Sasa watachukuliwa wale wa Uganda kwanza. Sisi tutasubiri tu." Nikasema chakula kiko tayari.

Jumanne, 29 Agosti

Kiti. "Tena," kasema Ba. Hii ni ya dawa, haihesabiwi.

Jumamosi, 2 Septemba

Mahesh ameniletea pakiti mpya ndani ya gazeti, pamoja na unga wa dengu. Nimepokea na kusema asante. Kila jioni nitakuwa natoa kidonge kimoja na kukitupa chooni, ili akifungua droo aone vinapungua. Sijawahi kumdanganya mtu kwa utaratibu namna hii, na kinachonisumbua ni jinsi ninavyoiweza kazi yenyewe. Bahasha ya Sista nimeificha chini ya cherehani. Siwezi kuitoa bila kusema kila kitu.

Jumamosi, 9 Septemba

Upepo wa ziwani tangu asubuhi. Vumbi jeupe la magadi limeingia mpaka kwenye chumvi. Nimefagia mara nne.

Jumamosi, 16 Septemba

Siwezi kutulia. Nimeanza kushona mapazia, nikaacha. Nimeanza achari, nikaacha. Kinyanjui, anayefanya kazi na mume wangu, alikuja kuchukua chakula cha mchana akakuta nimehamisha makabati yote.

"Mama, mnahama?" akauliza.

"Hapana. Nafagia."

"Nilidhani ile vocha imekuja. Mahesh haongei siku hizi. Mteja anaitisha cheni, yeye anampatia tairi."

Mahesh, anasema tu hivyo, Mahesh, anapotaka na mbele ya yeyote. Nilimpa chapati mbili zaidi bila kujua kwa nini.

Jumanne, 26 Septemba

Leo ilikuwa siku ya kuketi. Sikuketi. Saa mbili asubuhi Ba alipita veranda ya nyuma, akakiona kiti hakina mtu. Saa nne akapita tena. Kwa miaka minne nimeketi kila Jumanne ya nne kama treni ya serikali, na Ba hana kalenda nyingine.

Jumamosi, 30 Septemba

Treni za watu wa Uganda zimeanza kupita stesheni yetu, zikienda Mombasa kwenye meli. Hawaruhusiwi kushuka. Wanawake wa jumuiya wanapika thepla, zile chapati zetu za viungo, pamoja na viazi na chai, wanapitisha madirishani. Leo nilikwenda. Mwanamke wa rika langu alikuwa amembeba mtoto wa miezi michache, na mkononi hakuwa na kitu kingine. Nilimpa chupa ya maziwa nikamuuliza mizigo yake iko wapi. Akacheka kidogo, akasema, "Huyu ndiye niliyefanikiwa kutoka naye."

Nimemwonea wivu mkimbizi. Ninaliandika neno hili ili nione jinsi linavyosomeka. Linasomeka vibaya, lakini ni kweli.

Jumatano, 4 Oktoba

Bado. Ba amenipa mimi kipande cha embe kabla ya mwanawe.

Jumapili, 8 Oktoba

Navaratri imeanza, siku tisa za kumwabudu Mama, mungu wetu wa kike. Ba amenikabidhi taa ya sala mbele ya wanawake wote, taa ambayo miaka yote huishika mwenyewe. Niliishika kwa mikono miwili, na wao wakaona hiyo ni dalili nzuri.

Nami nimeanza kuamini. Asubuhi nilisikia kichefuchefu. Labda mimi ni yule wa Sista anayeshika hapo hapo.

Jumanne, 10 Oktoba

Mahesh amejua.

Ba alimpelekea peda, vitamutamu vya maziwa, dukani, mbele ya Kinyanjui na wateja, akamtia moja mdomoni kwa mkono wake. "Wiki sita hajaketi," alimwambia. Mahesh alirudi saa nane mchana, jambo ambalo hafanyi, akafunga mlango wa chumba.

"Vidonge je?"

"Niliacha."

"Lini?"

"Tarehe ishirini na tano Agosti."

Alifungua droo, akatoa pakiti, akahesabu mashimo. Nikamwambia vyote viko chooni. Alikaa kitandani akiwa bado na viatu.

"Bila kuniambia," akasema. "Treni zinapita hapo stesheni, wewe unaziona kwa macho yako. Leseni ya duka ikikataliwa mwakani tutakwenda wapi? Na mtoto? Faili imefika karibu, Bhanu. Miaka minne!"

"Imefika karibu na nini? Uliwahi kumwona mtu aliyerudishwa mwisho kwa sababu ya mtoto?"

Hajawahi kumwona, ni maneno ya dukani tu. Nikatoa bahasha ya Sista chini ya cherehani nikaiweka mapajani mwake, nikamweleza za kusubiri, moja, mbili, tatu. Nilimwambia sikuitoa mapema kwa sababu ningelazimika kuomba ruhusa, na nilijua jibu. Halafu nikasema lile ambalo limenikaa kooni tangu mwaka wa sitini na nane.

"Mama yako ameniita tasa mbele ya dada zako. Amenifungisha saumu Jumatatu kumi na sita. Amenizungusha kwa waganga mpaka Kisumu. Wewe ulikuwa unakula, unasikia, unaomba chumvi."

Alisema, "Ningemwambiaje mama mambo ya vidonge?" Nikaona kwamba ni kweli hajui angemwambiaje. Anaweza kumwandikia balozi barua ya kurasa tatu, lakini mama yake hamwezi. Nilimhurumia, na huruma ikanikasirisha zaidi.

Alhamisi, 12 Oktoba

Analala ameelekea ukutani. Mimi nakula ndimu.

Jumatatu, 16 Oktoba

Kliniki tena. Walichukua mkojo asubuhi, mchana Sista akaniita ndani. Akafunga mlango, nami nikajua, kwa sababu mlango ule haufungi kamwe.

"Hakuna kitu, mama. Ni mwili tu unaamka. Si nilikuambia?"

Alikuwa ameniambia. Nilikuwa nimesahau kwa sababu nilitaka kusahau. Nililia mpaka akanipa kona ya aproni yake, na bado nikamuuliza, "Hata kichefuchefu?"

"Ukiitamani sana hata kichefuchefu inakuja. Mimi mwenyewe ilinipata hivyo. Miezi nane nilikuwa najidanganya, na niko na diploma." Akanisindikiza hadi getini. "Sasa wewe enda useme ukweli huko kwenu. Hii mambo ya kubeba peke yako itakuchelewesha kuliko dawa."

Sikusema. Nilipofika, Ba alikuwa anakata flaneli nyeupe ya nguo za mtoto.

Ijumaa, 20 Oktoba

Nitaandika yote, hata kama mkono utaniuma.

Leo kulikuwa na treni saa sita. Wanawake kumi walikuwa jikoni kwetu tangu alfajiri, mimi nikisukuma thepla. Saa tatu nikasikia damu imeanza. Nilisimama na kijiti cha kusukumia mkononi. Mahesh peke yake alijua nina miezi ya kungoja, na hata yeye sikuwa nimempa jibu la kliniki. Ningeweza kuendelea. Hakuna ambaye angejua, na watu wa treni wasingeuliza. Lakini chakula kile kilikuwa kimeombewa, na nimelelewa nilivyolelewa. Nikaweka kijiti chini, nikanawa kwenye bomba la nje, nikaenda kukaa kwenye kiti.

Jikoni vijiti vya kusukumia vikaacha kugonga. Nilisikia mafuta tu yakichemka.

Ba alitoka. Hakusema "Tena." Alinitazama usoni, na uso wake ukaanguka. Sikujua mzee anaweza kulia kwa namna ile, mdomo wazi, bila kujifunika.

"Umeimwaga," akasema. "Nilikwambia usiende stesheni. Nilikwambia usibebe sufuria."

"Ba, haikuwepo."

"Nimewaambia watu wote! Nimekata nguo!" Kisha huzuni ikageuka hasira, kwa sababu hasira ni rahisi kubeba. "Kesho nampigia kaka yako simu. Aje akuchukue. Mwanangu hatakufa bila mtoto kwa ajili ya mwanamke mkavu."

Wanawake wote walikuwa mlangoni. Nyuma yao, na kikapu cha kupelekea chakula stesheni, alikuwa amesimama mume wangu, na Kinyanjui na kikapu kingine. Mume wangu alikuwa amesikia kila neno. Nilimwona akitazama chini, akitafuta pa kuweka kikapu, kama siku zote akitafuta chumvi.

"Mahesh," nikasema.

Sikupaza sauti. Lakini mwanamke mmoja alijifunika mdomo, na Ba akaacha kulia katikati ya pumzi. Kinyanjui ndiye pekee ambaye hakushtuka, kwake lile ni jina tu.

"Mahesh, mwambie mama yako."

Aliweka kikapu chini. Masikio yalikuwa mekundu. Nilidhani atageuka aende zake, kwa kweli mwili ulianza kugeuka. Kisha akasema, akimtazama Kinyanjui badala ya mama yake, kwa Kiswahili chake cha dukani, "Mimi nilileta dawa. Yeye hapana kosa. Miaka nne, mimi nilimpa dawa asizae."

Akarudia kwa Kigujarati. Ilikuwa lazima arudie mara mbili, kwa sababu Ba hakuelewa kwamba kitu kama hicho kipo, kidonge kinachoweza kumzuia mjukuu. Aliuliza, "Kwa nini?" Mahesh akasema, "Vocha." Ba akauliza, "Hiyo karatasi?"

Kisha Ba akaingia ndani na kujifungia. Wanawake wakamalizia chakula. Treni ilichelewa, ikapita saa saba, mimi niliisikia kutoka kwenye kiti.

Jumapili, 22 Oktoba

Ba haongei na yeyote. Sahani ameniwekea kwenye ngazi. Ilikuwa na ghee nyingi kuliko kawaida.

Jumapili, 5 Novemba

Diwali. Taa chache mwaka huu, watu hawana moyo. Barua imekuja jana kutoka Nairobi: subirini, hakuna tarehe. Mahesh aliisoma akiwa amesimama. Baadaye alitafuta kalamu, akaandika jibu akiuliza waziwazi kama mtoto akizaliwa faili inarudi mwisho. Nikamuuliza, "Na wakisema ndiyo?"

Akaitia barua kwenye bahasha. "Basi irudi," akasema, kwa uchungu, si kwa ushujaa. Jumatatu iliyopita alikwenda kliniki mwenyewe. Anasema Sista Jelagat alimkaripia mbele ya benchi zima, na kwamba bahasha aliyopewa ni kubwa zaidi.

Jumatatu, 20 Novemba

Naketi kando. Ba alitoka na sahani, akaiweka kwenye ngazi. Akasimama. Mimi nikangoja lile neno.

"Yule nesi wa kliniki," akasema, kumbe Mahesh amemsimulia, "alisema ngapi?"

"Tatu, Ba."

"Ile ya siku ya treni inahesabiwa?"

"Hiyo ni moja. Hii ni ya pili."

Akakunja vidole viwili, akautazama wa tatu uliobaki wima, akaingia ndani nao hivyo hivyo.

Jumamosi, 2 Desemba

Mvua ndogo. Mahesh ameziba bati. Linavuja mahali pengine.

Jumatano, 13 Desemba

Ba ananiuliza kila asubuhi, "Bado?" Namjibu bado. Jana alikifuta vumbi kile kiti, akakihamishia upande wenye jua.

Jumamosi, 16 Desemba

Leo. Saa moja asubuhi nilitoka kwenda kukaa, na Ba alikuwa ameshaamka. Aliniona kwenye kiti. Mwanamke huyu, ambaye miaka saba alipokiona kiti hiki na mimi ndani yake aliona msiba, alipiga kofi moja na kurudi ndani mbiombio. Nikasikia akimwamsha mwanawe.

Alileta ladu mbili, vitamutamu vya sherehe. Hakuziweka kwenye ngazi. Alizitia mkononi mwangu, vidole vyake vikagusa vyangu siku ambayo havipaswi kugusa, halafu akaenda kuoga upya kabla ya sala, akinung'unika juu ya maji baridi.